Maji ya paa yazame ardhini, ya uwanja wa malori yasubiri

Masika yakiifunika Jangwani, Dar es Salaam, kwa maji ya mto Msimbazi, hoja ile ile hurudi: viwanda vya Vingunguti na kandokando ya Barabara ya Nyerere vizamishe maji yao ardhini, visiyasukume mtoni. Tupige hesabu kwanza.

Paa la mita za mraba 5,000 likipata mvua ya milimita 40 hushusha lita 200,000. Bustani ya mvua, yaani bonde fupi lililopandwa nyasi na vichaka, ikiwa na sentimita 20 za maji kutuama, 60 za udongo wa kichanga na 30 za kokoto, hubeba kama lita 470 kwa kila mita ya mraba. Zinahitajika mita 425 za mraba, karibu maegesho ya malori manane.

Lakini mvua ya milimita 100 hushusha lita 500,000, na bustani hiyo hufurika kabla ya nusu. Kwa hiyo wanaodai mitaro mipana hawakosei: mafuriko makubwa hayazuiwi na vichaka. Wanachosahau ni kwamba mtaro hubeba pia vumbi, mafuta na zinki ya mabati hadi mtoni, na mvua ndogo ndogo, ambazo ndizo nyingi, bustani huzimaliza zote. Zinki hunaswa na udongo wa juu, ambao hubadilishwa ukishachakaa.

Uwanja wa kupakia na kujazia dizeli ni jambo jingine. Kuzamisha maji yake ni kuchafua visima vya jirani. Pale jenga paa, sakafu ya zege na chemba ya kutenganisha mafuta. Wenye kiwanda wakitaka bustani hapo, watandike plastiki nene chini yake ili maji yasizame, na bomba lenye matundu la kuyatoa.

Bustani nyingi huharibika siku ya kuchimbwa: kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, kikipita ndani ya shimo, udongo hushindiliwa na maji hayazami tena. Kichimbe kikiwa ukingoni. Kabla ya hapo, chimba kishimo cha sentimita 60, kijaze maji yakauke, kijaze tena, upime. Yakishuka pungufu ya milimita 13 kwa saa, weka bomba la kutolea maji. Yakituama zaidi ya saa 48, unafuga mbu, na Dar es Salaam dengi si ngeni.

Mwisho, chemba ya kunasa tope mlangoni mwa bustani izolewe kabla ya masika na kabla ya vuli. Kazi hiyo iandikwe kwenye mkataba wa usafi, maana mfagiaji wa kiwanda huijua mitaro tu.