Kabla ya Dawa ya Kunyolea, Niambie Uso Wako Unapakwa Nini

Swali hili naulizwa saluni karibu kila wiki, na huulizwa kwa sauti ya chini, dada akiwa ameshika kidevu: "Hivi ile dawa ya kunyolea inafaa usoni?" Huwa nalijibu kwa swali lingine: unapaka nini usoni? Wapo wanaokereka, maana walikuja kuuliza habari ya ndevu, si habari ya losheni zao. Lakini kwa maoni yangu hapo ndipo penye jambo lote. Ngozi nyingi zinazoitwa nyeti hapa Dar hazikuzaliwa nyeti. Zimefanywa hivyo, na dawa ya kunyolea ndiyo inayokuja kuziumbua.

Dawa hizi zinafanya kazi kwa kemikali ya jamii ya thioglikoleti. Waliokuwa wasichana miaka ya themanini wanaifahamu hata kama hawaijui kwa jina, kwa sababu kemikali ya jamii hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye kalikiti: inavunja vifungo vya ndani ya unywele, unywele unalegea na kukubali kujikunja. Kwenye dawa ya kunyolea imeongezewa alkali kali, pH, yaani kipimo cha ukali wa alkali hiyo, inafika hata 12, kwa hiyo unywele unalainika mpaka unafutika kwa kitambaa. Sasa, unywele umejengwa kwa keratini, na tabaka la juu la ngozi nalo limejengwa kwa keratini. Dawa haijui kuchagua. Kinachoiokoa ngozi ni muda mfupi na uzima wa lile tabaka la juu, basi. Ndiyo maana sheria za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo: kemikali hiyo isizidi asilimia 5 kwenye dawa ya kunyolea, na pH isipite 12.7.

Chukua basi uso uliopakwa mkorogo mwaka mzima. Mikorogo mingi ina steroidi ndani yake, klobetasoli au betamethasoni, dawa ambazo daktari huziandika kwa ugonjwa wa ngozi kama pumu ya ngozi, tena kwa muda maalumu. Zikipakwa usoni kila siku ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaanza kuonekana mashavuni, chunusi zinatoka. Na lipo dhara moja ambalo muuzaji halitaji kamwe: steroidi ya kupaka inaweza kuotesha vinyweleo, mashavuni, kwenye taya, juu ya mdomo. Kwa hiyo dada anajichubua, uso unaota nywele, anakwenda kununua dawa ya kuziondoa, anaipaka juu ya ngozi ambayo mkorogo umeshaimaliza. Inaungua, halafu anaambiwa, "Pole, una ngozi nyeti."

Namkumbuka bibi harusi mtarajiwa aliyeletwa na shangazi yake siku ya kicheni pati. Juu ya mdomo alikuwa na mstari mwekundu unaong'aa, umefuata sawasawa pale dawa ilipopita, na pembeni mwa pua ngozi ilikuwa imeanza kutoa majimaji. Dawa ilikuwa ile ile anayotumia miguuni, na aliiacha muda ule ule. Shangazi akaniambia, "Mwanangu, wewe mpake faundesheni nzito tu, watu wasione." Nilikataa, nikamwambia shangazi kwa heshima zote kwamba hicho sasa ni kidonda, na kidonda hakipakwi poda. Tulimpamba macho tu, tukaacha sehemu ya chini ya uso ipumue.

Wekundu ulipoisha ukaacha weusi. Ngozi zetu ndivyo zilivyo, karibu kila kuungua kunaacha doa, na doa linaweza kukaa miezi. Mwenye doa juu ya mdomo anatafuta nini? Krimu ya kuondoa weusi. Mzunguko unaanza upya, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Ninyi ambao hamjichubui na ngozi zenu ni nyeti tangu utoto, sisemi dawa ni haramu kwenu. Ila msidanganywe na maandishi ya "kwa ngozi nyeti" kwenye boksi. Aloe vera na mafuta ya lozi yaliyoongezwa humo ni ya kutuliza, lakini kinachoyeyusha unywele bado kimo. Tumia ya uso tu, kamwe si ya mwili. Ijaribu kwanza sehemu ndogo chini ya taya, kwa dakika zilezile zilizoandikwa, kisha subiri saa 24. Siku hiyo ngozi isiwe imesuguliwa kwa skrabu, isiwe na chunusi zilizopasuka, wala imetoka kuchomwa na jua la ufukweni. Kama unatumia retinoli au dawa ya chunusi yenye asidi, acha kwanza na umuulize daktari. Ikianza kuchoma, toa hapo hapo, hata kama dakika hazijaisha. Msemo wa "vumilia, ndiyo inafanya kazi" umeunguza wengi. Osha kwa maji mengi ya vuguvugu, bila sabuni, bila spiriti, na tafadhali bila ndimu. Nyusi usiziguse kabisa kwa dawa hii, macho yako karibu mno.

Mimi wateja wenye ngozi nyeti nawatoa nywele kwa uzi, au nawashauri kiwembe kidogo cha uso na mkono mwepesi. Nywele hazirudi nene kwa kunyolewa, huo ni uzushi. Zinaonekana ngumu kwa sababu ncha imekatwa butu.

Ila zipo ndevu ambazo si za saluni. Kama ni ngumu na nyeusi, zinashuka hadi shingoni, na hedhi inakuja inavyotaka, nenda hospitali ukapime homoni. Huenda ni PCOS, tatizo la homoni linalohusu ovari, na hiyo inatibiwa kwa daktari wa wanawake. Mwenye uso ulioharibiwa na mkorogo naye aende kwa mtaalamu wa ngozi, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta wekundu na kuwaka moto kwa wiki nyingi. Wataalamu hao tunao: kituo cha pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinawafundisha tangu 1992. Mpaka ngozi itulie, dawa ya kunyolea ikae mbali.

Vipodozi nchini viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019, na steroidi, zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku humo. Marufuku ipo, lakini kikopo bado kinauzwa. Kwa hiyo ombi langu nalipeleka kwa muuzaji wa Kariakoo, anayekutana na dada huyu kabla yangu: muulize kama anajichubua. Akisema ndiyo, usimuuzie dawa ya kunyolea uso. Na usimpimie mtu dawa kwenye mfuko wa nailoni. Mwachie boksi lake, maana dakika zimeandikwa humo.