Kipande cha shaba kinapouzwa kwa bei ya dhahabu

Mwaka 1849 California ilikuwa na dhahabu tele na sarafu haba. Kiwanda cha sarafu cha serikali kilifunguliwa San Francisco mwaka 1854 tu. Katiba ya Marekani, kwa upande wake, iliyakataza majimbo kupiga sarafu, bila kumgusa mtu binafsi. Wenye mitaji wakaona upenyo, wakapiga sarafu zao wenyewe: kampuni za Moffat, Kellogg, na baadaye Clark, Gruber na wenzao kule Denver, mwaka 1860. Bunge liliuziba upenyo huo mwaka 1864.

Kabla ya kupoteza dhahabu, fundi aliweza kuujaribu muhuri wake, yaani chuma chenye mchoro wa kugongea sarafu, kwenye shaba. Vipande hivyo vya majaribio havikukusudiwa kununua hata mkate, lakini leo watu wanavigombea mnadani.

Wanaovithamini wana hoja. Sarafu nyingi za watu binafsi ziliyeyushwa, nyingine kwa sababu dhahabu yake haikufikia thamani iliyoandikwa usoni. Shaba haikuwa na wa kuiyeyusha. Tena jaribio huonyesha fikra za fundi: Clark, Gruber walichora mlima wa Pikes Peak kama pia ya watoto iliyopinduliwa, mchoro ambao aliyeuona mlima wenyewe angecheka.

Upande wa pili unauliza swali gumu zaidi: kilipigwa lini? Muhuri wa chuma humzidi mwenyewe umri. Duka likifungwa huuzwa, na miaka hamsini baadaye yeyote mwenye mashine anaweza kupiga shaba mpya kwa muhuri halisi. Jina ni lilelile, mchoro ni uleule, ila siku yake siyo. Na hofu hii si ya bure. Miaka ya 1990 mtaalamu wa sarafu Theodore Buttrey alidai hadharani kwamba vipande kadhaa vya dhahabu vilivyouzwa kama mali ya enzi hiyo ni bandia. John Ford, mfanyabiashara aliyehusishwa navyo, alikana. Kilichogombewa sana ni hadithi ya vilikotoka.

Naegemea kwa wenye shaka, ingawa si moja kwa moja. Kule magharibi enzi hizo watu walikuja kuchimba, hawakuja kutunza kumbukumbu. Ukidai karatasi kwa kila kipande, utavitupa na vya kweli. Visomwe basi, vipimwe, vichapishwe. Bei ya kipande cha asili ndiyo nisiyoikubali pale ambapo mlolongo wa wamiliki unaanza ghafla katikati ya karne ya 20.

Mwaka 2001 zilipigwa upya sarafu za Kellogg za dola 50, kwa dhahabu iliyoopolewa kutoka meli ya SS Central America iliyozama mwaka 1857. Mihuri ilinakiliwa kutoka ile ya asili, na sarafu zenyewe zikaandikwa zilikotoka. Mnunuzi alijua analipia nini. Katalogi za mnada zinaweza kufanya vivyo hivyo kwa shaba: mstari mmoja tu, “tarehe ya kupigwa haijathibitishwa”, hata kama utapunguza bei.