Nimelipia Picha ya Mgongo, Nimepewa Umri Wangu

Naomba nianze na soksi, maana yote yalianzia hapo. Sikubeba gunia, sikusukuma gari, wala sikuteleza bafuni. Niliinama asubuhi kuokota soksi ya mguu wa kushoto, mgongo ukalia kwach! Nikabaki pale pale nimekunjika kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Mke wangu akapita. Akarudi. Akaniuliza, "Baba watoto, umepoteza nini?" Nikamwambia nimepoteza mgongo. Akaendelea na shughuli zake.

Ubaya wa maumivu ya mgongo ni kwamba hayaonekani. Ukivunjika mkono unafungwa hogo, watu wanakupisha kwenye kiti. Ukiwa na homa wanakugusa paji la uso na kukuitia pole. Mgongo? Unatembea kama bata mwenye mawazo, wanasema unadeka. Na mwanamume ukiteleza ulimi ukasema "kiuno," umekwisha. Watu wanatazamana, wanaguna, kila mmoja ameshajua ugonjwa umetoka wapi.

Siku nne za kwanza nyumbani nilisamehewa kunyanyua vitu. Siku ya tano nikamsikia mke wangu akiongea na dada yake kwenye simu, kwa ile sauti ya kusudi: "Hana kitu huyo. Anakwepa kuhamisha kabati."

Kabati! Hapo ndipo nilipojua kwamba dawa siihitaji sana. Ninachohitaji ni ushahidi.

Nikaenda kwa daktari. Akanibonyeza, akaninyanyua mguu mmoja mmoja, kisha akaanza maswali. Unashindwa kuzuia mkojo? Hapana. Una ganzi sehemu unayokalia? Hapana. Mguu umekosa nguvu? Homa? Umepungua uzito bila sababu? Nikaangalia kitambi changu, nikamwambia hapana. Kila nilipojibu hapana yeye alizidi kufurahi, na mimi nilizidi kuhuzunika, kama mwanafunzi anayeona maksi zinamkimbia. Mwisho akasema mojawapo ya hayo likitokea nikimbilie hospitali siku hiyo hiyo. Vinginevyo picha haina haja kwa sasa: nisijilaze kitandani kutwa, nitembeetembee, wengi hupata nafuu ndani ya wiki sita.

Nitembee! Mtu nimefika kwake nimepinda kama ndoano, ananiambia nitembee.

Nikaamua kujilipia MRI, kile kipimo cha kupiga picha ya ndani ya mwili kwa sumaku, hospitali binafsi. Eksirei sikuitaka, hiyo ni ya mifupa, na kila mtu anayo nyumbani ndani ya bahasha. Kwenye foleni ya umma, kwanza wanapita wenye sababu, na mimi ningeitwa tarehe ambayo nimeshasahau ni upande gani ulikuwa unauma. Kwa kulipia, bwana, sababu ni pochi. Huko hawakuiti mgonjwa, unaitwa mteja. Unaletewa maji ya kunywa. Unakalishwa kwenye kochi laini, la kudidimia, ambalo limebuniwa na adui wa migongo yote. Jina langu lilipoitwa ikabidi wanivute watu wawili.

Kisha fomu. Una kifaa cha kuendesha moyo? Una klipu kwenye mishipa ya ubongo? Umewahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni? Hilo la jicho nilidhani ni utani, yule dada akanieleza kwamba ile sumaku inaweza kukisogeza kikiwa humo humo. Una mimba? Hapo aliangalia tumbo langu kidogo kuliko heshima inavyoruhusu. Uzito? Nikaandika uzito wangu wa zamani, ule wa kwenye picha za harusi. Akausoma, akanitazama, akanipeleka kwenye mizani bila neno.

Nikiwa nasubiri nilisoma habari za mashine hii kwenye simu, nikakutana na ndugu yangu. Raymond Damadian, daktari wa Marekani. Mwaka 1977 alijiingiza mwenyewe kwenye mashine yake ya kwanza, mashine haikusoma kitu, na maelezo yakawa kwamba mwili wake ulikuwa mnene mno kwa koili, ule mviringo wa nyaya uliomzunguka. Ikabidi aingie msaidizi wake mwembamba, tarehe 3 Julai, na picha ya kifua peke yake ikachukua karibu saa tano. Mwaka 2003 Tuzo ya Nobel ya teknolojia hiyo ikaenda kwa Paul Lauterbur na Peter Mansfield. Yeye akaachwa nje, akalipia kurasa nzima za magazeti ili alalamike. Nikampenda hapo hapo. Mnene, na kulalamika analipia.

Nikasoma pia kwamba zamani jina la kipimo hiki lilikuwa na neno "nyuklia", wakaliondoa kwa sababu liliwatisha wagonjwa. Walisahau kuondoa na bei.

Basi nikavuliwa kila kitu chenye chuma: mkanda, saa, funguo, sarafu, kadi ya benki (hiyo haikuwa na hatari, ilishakamuliwa mapokezini). Nikavalishwa gauni lile la hospitali lenye kufungwa nyuma, ambalo mtu mwenye mgongo mzima hawezi kulifunga, sembuse mimi. Nikaingia hivyo hivyo nimeshika makalio yangu kwa mkono mmoja.

Yule kijana wa mashine alikuwa na adabu. Akaniambia, "Mzee, lala chali, usijitingishe." Nilimwomba arudie. Nimekuja kwa sababu siwezi kulala chali, na dawa ya kujua kwa nini siwezi kulala chali ni kulala chali. Akaniwekea mto chini ya magoti, akanivisha spika masikioni, akanipa kimpira cha kubonyeza nikizidiwa. Kitanda kikaanza kuniingiza taratibu, kama mkate unaoingia tanuri.

Tundu lenyewe lina upana wa sentimita 60. Mabega yangu yalishika kuta zote mbili. Juu ya pua yangu kulikuwa na dari jeupe, karibu kiasi kwamba nikipumua pumzi inanirudia usoni. Kulikuwa na alama moja ndogo ya mkwaruzo hapo juu, kama kucha. Nikaanza kujiuliza ni kucha ya nani, na yeye alitoka?

Halafu kelele. Mwanzo ni tak, tak, tak, kama fundi anayegonga mlango wa jirani. Mara ikawa kama mashine ya kuvunja lami, mara king'ora, mara mtu anayechapa taipu akiwa na hasira. Nikawa nasikia muziki kwa mbali chini ya hiyo vurugu, siwezi kusema ulikuwa wimbo gani, ila nadhani mwimbaji naye alikuwa anaomba atolewe. Kijana alishanieleza kwamba ni koili zinazotetemeka ndani ya sumaku, na kelele yake huvuka desibeli 100. Sumaku yenyewe ni ya tesla 1.5, karibu mara 30,000 ya ile ya dunia hii tunayoikanyaga. Haizimwi, usiku na mchana, na inapozwa kwa gesi ya heliamu iliyogeuzwa kuwa kimiminika chenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Baridi yote hiyo, na mimi ndani natokwa jasho.

Eti inavyofanya kazi, maji ya mwilini yana hidrojeni, na viini vya hidrojeni vikiona sumaku hujipanga. Vinasukumwa kidogo na mawimbi ya redio, vikirudi mahali pake vinatoa ishara, kompyuta inachora picha. Yaani vitu vidogo visivyoonekana hata kwa darubini vilinyooka mstari kwa amri moja. Mimi nina watoto watatu, sijawahi kuona jambo hilo.

Dakika ya kumi, pua ikaanza kuwasha. Pembeni kabisa, tundu la kulia. Nikakunja uso. Sauti ikaja masikioni: "Mzee, tulia, tutarudia hiyo." Ikarudiwa. Tone la jasho likatoka kwenye paji, likashuka polepole, likapita jirani kabisa na pale panapowasha, halikugusa. Nimeonewa na watu wengi maishani, lakini jasho langu mwenyewe?

Nilitoka baada ya dakika 35. Baada ya siku mbili nikapewa ripoti ya kurasa mbili na CD. Nikaisoma ndani ya gari moyo ukienda mbio. "Diski zimepungua maji. Diski kati ya L4 na L5 imetuna. Mabadiliko ya uchakavu." Diski ni ile mito laini kati ya pingili za uti wa mgongo, na L4 na L5 ni pingili za kiunoni. Imetuna! Uchakavu! Mgongo ulikuwa unauma, lakini nakiri nilitabasamu. Nikajiona naingia nyumbani nimeinua hiyo karatasi juu kama hati ya kiwanja.

Kosa langu ni kuipitisha kwanza kwa daktari wangu. Akaisoma, akatikisa kichwa, akaniuliza, "Una miaka mingapi?" Hamsini. Akasema kuna utafiti wa mwaka 2015 uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawaumwi mgongo kabisa. Wenye miaka 50, asilimia 80 diski zao zimechakaa, na asilimia 60 zimetuna. Hata vijana wa miaka 20, asilimia 37 wameshachakaa. "Hizi ni kama mvi," akasema, "ila ziko ndani."

Mvi! Mvi ninazo za bure, kila asubuhi kwenye kioo, bila risiti. Nikamuuliza sasa nifanyeje. Akasema, "Tembea."

Nyumbani mke wangu aliichukua ripoti, akavaa miwani, akasoma hadi mstari wa mwisho, ule ambao mimi niliuruka: mabadiliko yanayolingana na umri. Akaukariri kwa sauti. Akampigia dada yake akamkaririia na yeye. CD tulijaribu kuiangalia, lakini hakuna kompyuta hata moja mle ndani, wala kwa majirani, yenye tundu la kuingiza CD. Akaiweka juu ya kabati.

Wiki ya sita mgongo umepoa. Wenyewe tu, bila kuaga. Jana nimeokota soksi zote mbili kwa mpigo mmoja. Sijamwambia mtu, maana kabati bado liko pale pale, na mke wangu akilitazama tu, mimi nashika kiuno.