PG ya 1975 si PG ya leo

Mzazi akiona PG (daraja la filamu ambazo mtoto anaweza kutazama kwa mwongozo wa mzazi) kwenye filamu ya kutisha ya zamani, moyo hutulia. Asitulie upesi. Kwanza aangalie daraja hilo lilitolewa lini, na nchi gani.

Chukua Jaws, filamu ya papa anayekula watu. Marekani iliipa PG mwaka 1975, na mpaka leo imebaki hapo. Wakati ule ukiruka PG ulitua moja kwa moja kwenye R, ambayo aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. PG-13, daraja la katikati lenye onyo kwa walio chini ya miaka 13, ilikuja Julai 1984, baada ya malalamiko juu ya Gremlins na Indiana Jones and the Temple of Doom, wala haikurudi nyuma kupima upya filamu zilizotangulia. Kwa hiyo ndani ya PG ile yumo msichana anayeburutwa majini usiku huku akipiga mayowe, yumo mvulana anayeliwa ufukweni hadi maji yanakuwa mekundu, na mguu wa mtu unaozama taratibu. Uingereza waliipima tena mwaka 2012, ikatoka PG ikawa 12A, yaani aliye chini ya miaka 12 haingii sinema bila mtu mzima. Hapo Waingereza wamepatia. Mtoto wa miaka minane asiwekewe filamu hii.

Nyingine zimeshuka. The Curse of Frankenstein ya 1957 ilipewa X huko Uingereza, watazamaji wa miaka 16 na kuendelea tu. Leo ni 12.

Kinachoponza wengi ni kudhani kwamba picha isiyo na rangi haina makali. Night of the Living Dead ilianza kuonyeshwa Oktoba 1, 1968, mwezi mmoja kamili kabla ya madaraja ya Marekani kuanza kutumika, na watoto walikatiwa tiketi za mchana kama kawaida. Humo mtoto anamuua mama yake mzazi kwa mwiko wa kujengea. Damu ni nyeusi, lakini mtoto anaelewa vizuri sana kilichotokea. Mkosoaji Roger Ebert aliandika kuhusu msichana wa kama miaka tisa aliyemwona ukumbini: alikaa tuli kwenye kiti chake, analia.

Ya kuanzia ni Frankenstein ya 1931. Ina kama dakika 70, na mtoto wa miaka tisa aliye na mtu mzima pembeni anaiweza. Ila kuna tukio la ziwani. Kiumbe aliyeundwa na Frankenstein na msichana mdogo, Maria, wanarusha maua majini yaelee. Maua yanaisha, na kiumbe anamrusha Maria akidhani ataelea vilevile. Zamani kipande hicho kilikatwa pale anaponyoosha mikono, kisha watu wakamwona baba amebeba maiti ya mtoto. Watazamaji wakajijazia wenyewe jambo baya kuliko lililokuwamo. Kipande kilirudishwa miaka ya 1980.

Mzazi anayekimbiza picha kwa rimoti hurudia kosa lilelile. Afadhali uitazame peke yako kwanza, uandike dakika za matukio mazito, umwambie mtoto kabla hayajafika, kisha usimamishe picha mara tu yakipita mzungumze. Punguza sauti, maana muziki hutangulia kutisha kabla ya picha. Weka alasiri, taa zikiwaka, ili zibaki saa kadhaa za kucheza kabla ya kulala. Anayepiga kelele na kujificha nyuma ya mto mara nyingi yuko salama. Ukiona amenyamaza na hatikisiki, zima.