Utekelezaji wa Kirusi kwa Kiswahili: nani atawajibika?

Rasimu moja niliyopewa niihakiki ilikuwa tafsiri ya amri ya kampuni, kutoka Kirusi kwenda Kiswahili. Ilisomeka vizuri mpaka mstari unaotangulia sahihi ya mkurugenzi: "Udhibiti wa utekelezaji wa amri hii nauacha nyuma yangu." Kirusi chake ni maneno ambayo kila karani wa Urusi anayajua kwa moyo: "Kontrol za ispolneniyem prikaza ostavlyayu za soboy." Ukihesabu neno kwa neno, mfasiri hakupotea sana. Lakini Mswahili akisoma "nauacha nyuma yangu" anaelewa kwamba bosi amelipa jambo kisogo, wakati Kirusi kinasema kinyume kabisa: hili sijamkabidhi mtu, nitalifuatilia mwenyewe. Hata hiyo "kontrol" si udhibiti hasa. Ni kukagua, kuona kama kazi imefanyika.

Wako wafasiri, na ni watu makini, wanaotetea tafsiri ya kushika neno. Hoja yao ina uzito: hati ya kisheria ni ushahidi. Siku mkataba ukifika mbele ya hakimu, atataka kujua Kirusi kilisema nini, si mfasiri alifikiri nini. Ukianza kulainisha, utajuaje pa kuishia? Wengine wanajibu kwamba hati huandikwa ili ifanyiwe kazi, na msomaji akiielewa kinyume, uaminifu wa neno kwa neno haujamsaidia yeye wala hakimu. Mimi naegemea upande huu wa pili, kwa sharti moja. Kabla sijachagua neno najiuliza: jambo hili lisipotekelezwa, nani ataulizwa? Jibu la Kirusi na jibu la Kiswahili lazima liwe mtu yuleyule.

Chukua neno "ispolnitel". Kamusi itakupa "mtekelezaji". Katika mkataba wa huduma, ule wa Kifungu cha 779 cha Kanuni ya Madai ya Urusi, huyu ni mtoa huduma, na mwenzake "zakazchik" ni mteja. Lakini chini kabisa ya barua ya ofisi, kwa herufi ndogo, utakuta "Isp." likifuatwa na jina na namba ya simu. Huyo hatekelezi chochote kilichoagizwa. Ni aliyeandaa barua, amewekwa pale ili ukiwa na swali umpigie. Ukiandika "Mtekelezaji: fulani", umemtwisha karani mzigo wa mkurugenzi.

Kwenye "prikaz", yaani amri, wanaoshika neno wananipa shida zaidi, kwa sababu kuna mahali wana haki. Ofisi za Urusi zimezoea kufanya mambo ya watumishi kwa prikaz: kuajiri, kuhamisha, hata kumpa mtu likizo, ambayo ina fomu yake, T-6. "Amri ya likizo" inashtua sikio. Mtanzania hapo anategemea barua ya kuruhusiwa likizo, na sioni kinachopotea tukimpa hiyo. Lakini fungua Kifungu cha 42 cha Kanuni ya Makosa ya Jinai ya Urusi. Kinasema anayeleta madhara akitekeleza prikaz au rasporyazheniye (agizo) inayomfunga hana kosa. Anayewajibika ni aliyetoa amri haramu. Ila aliyetenda kosa la kukusudia huku akijua wazi kwamba amri ni haramu atajibu mwenyewe. Hapo ukilainisha ukaandika "maelekezo", umeharibu sheria nzima, maana maelekezo hayamfungi mtu namna hiyo. Hapo ni amri, bila kuzunguka.

Kuna njia moja ambayo siitetei hata kidogo, nayo ni kupitia Kiingereza. Kirusi kinatenganisha prikaz, amri ya mkubwa, na zakaz, bidhaa au kazi uliyoagiza. Kiingereza kina neno moja kwa yote mawili, "order". Ukilitumia kama daraja, amri ya mkurugenzi inafika Dar es Salaam ikiwa "oda".

Mtego mkubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, umo ndani ya kitenzi. Kirusi kina "ispolnyal" na "ispolnil". Kamusi itakupa "alitekeleza" kwa yote mawili, lakini la kwanza linatazama kazi ikiendelea, la pili linaona kazi imefika mwisho. Mdaiwa akisema mahakamani "ya ispolnyal dogovor", hajadai kwamba alimaliza. Kifungu cha 408 cha Kanuni ya Madai kinasema wajibu hukoma ukitekelezwa ipasavyo, kwa hiyo mtu anaweza kudaiwa au kuachiliwa kwa tofauti hiyo ndogo. Kiswahili kinaimudu bila taabu: "nilikuwa nikitekeleza" upande huu, "nilikwisha kutekeleza" upande ule. Hapa anayeshika umbo na anayeshika maana wanapaswa kuandika kitu kimoja, na bado kila mara naona "alitekeleza" limetumika kotekote.

Yako maneno yanayokutana bila kusukumwa. "Ispolnyayushchiy obyazannosti" ni kaimu, basi. Na bosi wa Urusi akiandika pembeni mwa barua "K ispolneniyu", tunaandika "Kwa utekelezaji" kama ilivyo katika majalada yetu.

Lakini "pristav-ispolnitel", anayehakikisha hukumu ya mahakama inatekelezwa, hana ndugu kwetu. Wengi humwita dalali wa mahakama, kwa kuwa ndiye Mtanzania anayemjua akija kukamata mali baada ya hukumu. Naelewa kwa nini. Neno halihitaji maelezo, na Kiswahili kimekuwa lugha ya mahakama zetu kisheria tangu 2021, kwa hiyo istilahi zetu zina haki ya kutumika. Tatizo ni kwamba dalali wetu si mtumishi wa serikali. Pristav ni ofisa wa serikali, chini ya Wizara ya Sheria, na sheria namba 229 ya 2007 inamwongoza hatua kwa hatua. Aliyeshinda kesi humpelekea "ispolnitelny list", hati ya mahakama ya kutaka hukumu itekelezwe, kwa kawaida ndani ya miaka 3, naye humpa mdaiwa siku 5 za kulipa kwa hiari. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayedai kampuni ya Moscow akisoma "dalali", atatafuta mtu wa kupatana naye malipo, na muda wake utakatika. Kwa hiyo naandika "ofisa wa serikali wa kukazia hukumu" na hiyo list naiita "hati ya mahakama ya kukazia hukumu". Ni ndefu, na wateja wameshanilalamikia, lakini wanajua mlango gani wa kugonga.