Wao shamba, sisi kengele ya mbuzi

Novemba ikifika, kwenye grupu letu la WhatsApp la familia lazima mtu alete ile video. Mnaijua. Tarumbeta, maua mekundu ya karatasi kifuani, halafu sauti nzito inasema bunduki zikanyamaza na dunia ikapata amani. Mwaka huu aliyeileta ni anko wangu mmoja, na chini yake akaandika "Tuwaenzi mababu zetu waliotupigania uhuru." Watu kumi na wawili wakaweka mikono ya kuomba. Mimi nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta, nikaenda kuchemsha chai. Ndio maana nimekuja kuandika huku, angalau hapa hakuna wa kuniambia nimekosea wakubwa adabu.

Uhuru upi, anko?

Huku kwetu Vita vya Kwanza vya Dunia viliisha 25 Novemba 1918, siku Lettow-Vorbeck, jenerali wa Wajerumani, aliposalimisha jeshi lake pale Abercorn, leo ni Mbala, Zambia, wiki mbili Ulaya washamaliza. Sawa. Tuchukue mwaka unaofuata peke yake, 1919, mwaka ambao vitabu vya shule vinauruka kama shimo la barabarani, tunatoka vitani tunajikuta tuko kwa Harry Thuku, yule mpinga ukoloni, kama vile katikati watu walikuwa wamelala.

Hawakulala. Gavana mpya wa Waingereza hapa Kenya alifika mwanzoni mwa mwaka, Jenerali Edward Northey, mwanajeshi aliyetoka kuongoza vita hivyo hivyo upande wa Nyasaland. Na katikati ya 1919 Nairobi ikafanya bahati nasibu ya ardhi. Usicheke. Bahati nasibu, pipa la kuzungusha liko jukwaani, majina yanachomolewa, watu wamejaa ukumbini wanasubiri kusikia nani kashinda, na zawadi yenyewe si redio wala unga, ni shamba. Ukumbi ulikuwa Theatre Royal, jengo ambalo baadaye likawa sinema ya Cameo, pale Kenyatta Avenue. Droo nyingine ikafanyika London, maana kushinda shamba la Nanyuki hakukuhitaji uwe umewahi kuiona Nanyuki. Mashamba zaidi ya 1,000, jumla eka zaidi ya milioni 2. Waliostahili ni maafisa na askari waliopigana vita, sharti moja tu, uwe wa asili ya Ulaya.

Soma hilo sharti pole pole. Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa na nani hasa? KAR, King's African Rifles, lile jeshi la Waingereza, ilikuwa imejaa vijana wa huku. Wanandi walitoa askari wengi tu, na Wanandi hao hao ndio waliokatwa kipande cha nchi yao, maili za mraba 100 hivi, kikaingizwa kwenye huo mpango wa kuwashukuru askari. Yaani umetoka vitani unarudi nyumbani unakuta nyumbani ndiko zawadi ya mwenzako.

Na hapo bado sijagusa wapagazi. Kenya peke yake ilitoa zaidi ya 160,000, wengi wao walikamatwa tu kwenye ule msako mkubwa wa 1917, kila mmoja anabeba kama kilo 25 kichwani, kwa rupia 5 au 6 kwa mwezi. Wanahistoria wanakadiria waliokufa ni zaidi ya 40,000. Si risasi iliyowamaliza. Ni kuhara damu, malaria, nimonia, na unga wa mahindi ambao wengi hawakuuzoea, tena umepikwa nusu nusu kwa sababu kuni zimelowa na safari inaanza alfajiri. Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, kwa midomo yetu ikawa Kariakoo kule Dar na Kariokor hapa Nairobi, na leo ukiwa Kariokor unakula mbuzi choma na kachumbari unamwagiwa supu juu, hakuna anayekumbuka kwamba umekaa juu ya jina la kambi ya watu waliokufa kwa maelfu. Mimi mwenyewe nilikula pale miaka sijui mingapi kabla sijajua. Na nitaenda tena Jumamosi, sitadanganya.

Sasa waliorudi walipewa nini. Hapa niwaambie habari ya shosho wangu, yaani bibi.

Shosho alikuwa na kikopo kidogo cha bati, kirefu kama kidole cha kati, kina tundu la kamba juu, na ndani yake aliweka sindano na uzi mweusi. Sisi watoto tulikuwa tunakitikisa masikioni kusikia sindano zikilia. Siku moja akatuona, akanyamaza kidogo, akasema kwa Kikuyu "hiyo ni mbugi ya baba yangu." Mbugi ni ile kengele anayofungwa mbuzi shingoni. Nikajua ni utani, wazee wana utani wao. Nilikuwa mtu mzima kabisa nilipoelewa kwamba kile kilikuwa kikopo cha kipande.

Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, ikawekwa kabatini kwa sababu ya vita. Vita vikaisha, kati ya 1919 na 1920 ikatolewa kabatini. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 anachukuliwa alama za vidole, anapewa karatasi, karatasi inaingia kwenye bati, bati inaning'inia shingoni. Ndani imeandikwa jina, kabila, mwajiri, mshahara, siku alipoanza, siku alipoachiliwa. Na hapo kwenye kuachiliwa ndipo ujanja ulipo. Mwajiri asiposaini kwamba amekuachilia, hakuna mwingine anayeruhusiwa kukuchukua, na ukiondoka tu kwa miguu yako umekuwa mhalifu, polisi wanakutafuta kwa vidole vyako mwenyewe. Tena mshahara uko wazi pale, kwa hiyo mwajiri mpya anaufungua anaona ulikuwa unalipwa ngapi, ya nini akuongeze? Watu wanaolia leo kwamba makampuni yanauliza payslip ya zamani, nawaambia hiyo kitu ina babu yake.

Baba yake shosho alizaliwa akiwa na mbuzi, akazeeka akiwa na kengele. Samahani, nimeandika hivyo na hasira, lakini siifuti.

Na msidhani ni kipande peke yake. Tarehe 23 Oktoba 1919 Northey akatoa waraka wa kazi, umesainiwa na John Ainsworth, ambaye cheo chake kilikuwa kusimamia maslahi ya Waafrika (kicheko kifupi). Maafisa waliambiwa wawahimize wananchi wakafanye kazi mashambani kwa wazungu. Wahimize! Neno zuri sana hilo, hata mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa anatuhimiza, na fimbo ilikuwa ya mkaratusi. Machifu wasaidie kuhimiza, majina ya wanaosaidia na wasiosaidia yaandikwe yapelekwe kwa gavana. Wanawake na watoto wa karibu na mashamba nao wahimizwe. Kodi nayo ikapanda, rupia 5 ikawa 8 mwaka 1920, yaani zaidi ya mshahara wa mwezi mzima wa mpagazi. Hesabu inafungana vizuri kabisa: mtu kagawiwa shamba hajui kulima, anahitaji mikono, mikono haitaki, basi ongeza kodi, iandikishe mikono, ifunge bati.

Maaskofu walipiga kelele, ni kweli, lakini ukisoma vizuri kelele yao ilikuwa nusu, walitaka shuruti iwe ya kisheria badala ya kufichwa nyuma ya maneno matamu. Wahindi walikuwa wengi kuliko wazungu na waliambiwa wazi kwamba maslahi ya Wazungu yanatangulia. Kura ya baraza la sheria wakapewa wazungu, wanawake wao wakiwemo, kabla hata wanawake wa Marekani nchi nzima hawajapata. Hongereni.

Haya, nitende haki kidogo, ingawa sina hamu. Si kila mzungu wa ile bahati nasibu alitajirika. Kulikuwa na mpango wa maafisa walemavu kule upande wa Kericho, watu wamepoteza mikono na miguu Ufaransa, wakaambiwa walime kitani, bei ikaporomoka, mradi mzima ukafa. Nawahurumia, kweli. Na Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa wapagazi, alikuwa mmoja wa wachache waliojali wahesabiwe na walipwe haki yao. Lakini mishahara ya wafu haikufika kwa familia zao. Serikali iliyoweza kuchukua alama za vidole vya kila mwanaume nchini ili asikimbie kazi ilishindwa, maskini, kujua mjane wa mpagazi anakaa wapi.

Wiki iliyopita nilipita Kenyatta Avenue nikasimama kwenye ile sanamu ya askari wa vita hivyo. Imewekwa 1928, watu watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi. Askari wa kanjo, wale wa jiji, walikuwa wanamkimbiza mama wa njugu karanga, akazunguka sanamu mara mbili, wale wa shaba wametulia tu. Chini pameandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, maneno ya Kipling, kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Jina hakuna hata moja. Mnamo Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali kwamba wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba msamaha bungeni. Miaka mia na kitu. Kutoka kwenye hiyo sanamu hadi ilipokuwa ile Theatre Royal ni barabara hiyo hiyo moja, na kule majina yalisomwa kwa sauti jukwaani, moja moja.

Jioni nikarudi kwenye grupu. Sikuandika yote haya, sina wazimu. Shosho alikuwa anasema baba yake alikuwa na kaka mkubwa aliyechukuliwa 1917 akiwa bado hajaoa, hakurudi. Kwa hiyo niliuliza swali moja tu: "Anko, yule kaka yake babu aliyeenda Kariokor, aliitwa nani?"

Ikaandika anko anaandika. Ikakatika. Ikaandika tena anaandika, muda mrefu, nikajua leo napata somo.

Akajibu: "Ngoja niulize wazee."

Wazee ni yeye.