Singeli ya alfajiri kwenye basi la mikoani

Jamani makonda wa mabasi ya mikoani, hili la singeli, muziki wetu wa kasi wa uswahilini, saa kumi na moja alfajiri linakera! Basi ndiyo kwanza linatoka Mbezi, Dar es Salaam, kwenda Mbeya, abiria wamekesha wakifunga mizigo, mtoto amesinzia mapajani kwa mama yake, mara spika zinaachiwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Singeli naipenda sana, ila mahali pake ni kwenye kigodoro, ile ngoma ya mtaani ya kukesha, vumbi linatimka.

Video ndiyo balaa zaidi. Runinga iko mbele juu, huwezi kuikwepa. Wasichana nusu uchi wanakata mauno, na wewe umekaa na baba mkwe. Wote mnageukia dirishani, hakuna anayemsemesha mwenzake mpaka Chalinze. Hata Ramadhani na Kwaresima ni hivyo hivyo, wakati kaswida na kwaya zimejaa tele!

Na flashi ya nyimbo ni ileile, ikiisha inaanza upya. Tunapita Morogoro, mji wa mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, hatusikii hata gitaa moja la bendi ya Morogoro Jazz. Asubuhi tuwekeeni dansi la zamani, sauti ya chini. Singeli ije tukishapanda mlima Kitonga, watu wako macho.